Ng'ombe ni mali, mtoto ni amana

Ukienda Tukuyu utamwona ng'ombe wa maziwa amefungwa bandani nyuma ya migomba, majani analetewa. Mtoto akishakata majani alfajiri, anakwenda shule. Vuka Mbeya mjini uelekee bonde la Usangu: kule ng'ombe ndiye anayetembea, na mtoto humfuata. Shule haitembei.

Sisi wa mjini, chai ya maziwa mkononi, ni wepesi wa kusema mfugaji hapendi elimu. Kuchunga si ujinga. Mtume wetu (s.a.w.) alichunga mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira. Na hoja ya baba ina uzito: ng'ombe anauzika leo, cheti kinasubiri ajira.

Lakini mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwahamisha wafugaji wa Usangu na Ihefu, Wasukuma na Wabarbaig miongoni mwao, wengi wakaelekezwa Lindi. Mifugo ilikufa njiani, mingine ikauzwa kwa bei ya kutupa. Kijana aliyenyimwa shule kwa ajili ya ng'ombe wale, alibaki na nini?

Hapo ndipo ninapomlaumu baba. Ana haki ya kuihatarisha mali yake, si mtoto. Ila aliyemhamisha naye hasalimiki. Kumhimiza mtu asomeshe, kisha kumswaga mbali na shule ileile, ni dhulma.

Nasi tulioswali Ijumaa Mbeya na Lindi miaka ile, nani aliuliza watoto wale wanasoma wapi?