Je, Yafaa Kuwatia Marehemu Wetu katika Sarafu?

Siku moja nilipokuwa nikifundisha hesabu za fedha, niliwapa watoto sarafu mbili wazitazame, ya shilingi 100 yenye sura ya Mwalimu Nyerere na ya shilingi 200 yenye sura ya Mzee Karume. Mtoto mmoja akauliza kwa nini makaburi ya mashujaa yaliyoko Songea hayamo katika sarafu, hali watu hukusanyika pale kila mwaka, tarehe 27 Februari, kuwakumbuka. Nilimjibu upesi kwamba hilo ni shauri la Benki Kuu. Jibu langu halikuniridhisha mwenyewe, nami nikalichukua swali lake hadi nyumbani.

Habari ya makaburi yale, ndugu wasomaji, wengi wenu mnaijua. Tarehe 27 Februari 1906, vita vya Maji Maji vilipokuwa vimeshindwa katika Ungoni, Wadachi waliwanyonga wakuu na wapiganaji zaidi ya 60, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama, wakawazika katika kaburi moja. Baadhi yao walibatizwa kabla ya kutiwa kitanzi. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Leo mahali hapo pana sanamu za viongozi, na tangu mwaka 2010 ni makumbusho ya taifa.

Basi je, yafaa watu hao wachorwe katika sarafu? Wengine watasema haifai hata kidogo, kwa kuwa fedha ilikuwa mojawapo ya sababu za kufa kwao. Zamani zile rupia ilikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, na kodi ya rupia 3 ilimlazimu mtu kuacha shamba lake akaitafute sura hiyo kwa kazi ya mgeni. Mwaka 1904 rupia ikagawanywa katika heller 100, na mwaka uliofuata Wamatumbi waking'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Rupia zimekwisha, Kaisari amekwisha, lakini neno lake limebaki midomoni mwetu: kila tusemapo "sina hela" twaitaja heller ya Mdachi, wala hatujui. (Huenda hiyo ndiyo sarafu ya ukumbusho iliyodumu kuliko zote.)

Hata hivyo sioni kwamba fedha ni najisi kwa asili yake. Katika Injili twasoma habari ya vile vipande 30 vya fedha. Makuhani waliona haya kuvitia katika hazina, wakanunua kwavyo shamba la mfinyanzi, liwe mahali pa kuzikia wageni. Fedha ya usaliti ikawa makaburi ya watu wasio na kwao. Siwasifu makuhani wale; nasema tu kwamba fedha hufuata mkono unaoitoa.

Shaka yangu iko mahali pengine. Kazi ya fedha ni kumaliza deni. Nikinunua chumvi dukani na kulipa, mimi na mwenye duka tumeachana. Hanidai wala simdai. Lakini deni letu kwa marehemu si la namna hiyo. Kaburi hufyekewa, na majani huota tena, na mwaka ujao hufyekewa tena. Nachelea kwamba siku sarafu itakapotolewa, watu watasema moyoni, Haya, tumekwisha kuwaheshimu.

Lakini nilipofika hapo katika mawazo yangu, nikakumbuka rambirambi. Hiyo nayo ni fedha, wala hakuna mfiwa wa Matiri adhaniye kwamba tumelipia machozi yake. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kuitoa amekuja mwenyewe, ameketi chini, amekesha, na pengine amechimba kaburi. Atumaye fedha kwa mkono wa mtoto, naye mzima wa afya yuko kilabuni, huyo twamjua, na rambirambi yake hupokelewa kimya.

Mwaka 1974 nchi yetu ilitoa sarafu za ukumbusho wa wanyama wa porini, twiga na faru katika fedha, na duma katika dhahabu, ya shilingi 1500. Ni nani kijijini aliyepata kuishika? Zilinunuliwa na wenye kukusanya sarafu, zikalala sandukuni. Kanada walifanya vingine: mwaka 2004 walitia ua jekundu la kuwakumbuka askari wao katika sarafu ya senti 25, ikapita sokoni kama nyingine zote. Nami nikiulizwa, nitachagua hiyo ndogo. Na ipite hata kwa mlevi, haidhuru. Yeye naye ni mjukuu wa mtu.

Kuna jambo jingine, nalo si jepesi kulisema. Sisi wa milima ya Umatengo tulisimuliwa na wazee jinsi Wangoni walivyowashambulia, wakakimbilia miinuko na kulima ngolo kwenye miteremko. Je, nami niwaheshimu? Naona yanipasa, kwa kuwa kitanzi hakikuuliza ukoo. Ila nataka pia wakumbukwe wale waliokufa kwa njaa, baada ya askari kuchoma vyakula na mashamba. Hao walikuwa makumi ya maelfu kwa makumi ya maelfu, wanawake na watoto wengi, wala hawana kaburi linalotembelewa. Sarafu haina nafasi ya sura zao.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja mwenyewe Songea, akaomba msamaha mbele ya wazao wa Nduna Songea. Wao walikuwa wakimdai kitu kimoja: kichwa cha babu yao, ambacho husimuliwa kwamba kilikatwa na kupelekwa Ulaya. Kilikuwa bado hakijapatikana.

Nilirudi darasani nikawaeleza watoto haya kwa kadiri ya akili zao. Yule mwenye swali alikuwa akiigeuza shilingi 100 vidoleni, akilitazama lile upande wenye uso. Kisha akauliza, "Mwalimu, Nduna Songea watamchoraje?"