Kijiti, Mkondo na Kasi ya Kweli

Njia ya kale ya kupima mwendo wa chombo kidogo haihitaji kifaa cha kununua. Mtu mmoja husimama omo na kutupa kijiti majini, mbele kidogo ya chombo. Omo inapokifikia hupiga ukelele, na mwenzake aliye tezi huhesabu mpaka kijiti kimfikie. Mashua ya mita 6 ikikipita kijiti kwa sekunde 4, inakwenda mita 1.5 kwa sekunde, karibu noti 3, kwa kuwa noti moja ni maili ya baharini, yaani mita 1,852, kwa saa. Ukihesabu 5 badala ya 4, noti 3 zinakuwa 2.3, kwa hiyo mwenye busara hurudia. Mabaharia wa Ulaya walikifunga kijiti kamba: kibao kilichotiwa risasi ukingoni ili kisimame wima majini, kamba yenye mafundo, na kioo cha mchanga. Mwingereza William Bourne aliieleza kamba hiyo kitabuni mwaka 1574; baadaye mafundo yakaja kupangwa kila mita 14.4 hivi kwa mchanga wa sekunde 28, hata idadi ya mafundo yaliyopita mkononi ikawa ndiyo noti zenyewe.

Lakini kijiti kinapima nini hasa? Kinapima mwendo wa mashua ndani ya maji, na maji nayo yana safari yake. Pwani ya Tanzania mkondo huelekea kaskazini, na msimu wa kusi huzidi nguvu. Mashua inayoteremka kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, ikikabili mkondo wa noti 2, itaambiwa na kijiti kwamba inakwenda noti 3, ilhali minazi ya ufukweni inapita kwa noti 1 tu. Mwenye GPS atacheka kwamba kijiti ni mwongo. Nasema si mwongo, kimeulizwa swali jingine. Usukani hutii maji yanayoupita, hautii ramani. Anayetaka kujua kama usukani utashika, au kama chombo kimeongeza mwendo baada ya kulegeza demani, jibu lake liko kwa kijiti. Anayetaka kujua atafika lini ndiye wa kuiuliza nchi kavu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba nchi kavu imetulia, hivyo kasi inayopimwa kwayo ndiyo ya kweli na nyingine ni makisio. Ila nchi kavu haikutulia. Karibu na ikweta Dunia inajizungusha kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na inalizunguka Jua kwa takriban kilomita 30 kwa sekunde. Mwaka 1632 Galileo alionyesha kwamba aliyefungiwa ndani ya chombo kinachokwenda sawasawa hawezi kujua kwa jaribio lolote humo ndani kama kinakwenda au kimesimama. Newton, mwaka 1687, hakuridhika. Alidai ipo nafasi isiyosogea kamwe, na akaleta ushahidi mzito: ndoo ya maji ikizungushwa, maji hupanda kandokando, na mzunguko unajulikana bila kutazama nje. Hoja hiyo ni ya haki, lakini inahusu mzunguko, yaani mwendo unaobadilika. Kwa mwendo wa moja kwa moja usiobadilika, ndoo inanyamaza, na hata Newton alikiri ugumu wa kuitambua nafasi hiyo yake.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili, nalo naliona la hatari zaidi: kama kila kasi inategemea unaipima na nini, basi kila mtu ana ukweli wake. Hapana. Ukishataja unapima na nini, hiari imekwisha. Kijiti hakiwezi kutoa noti 3 kwa nahodha na 5 kwa abiria aliyechoka kungoja. Tena majibu mawili yanayotofautiana yanaweza kufungamana kwa hesabu. Nahodha anayekabili mkondo uso kwa uso akitupa kijiti apate noti 3, kisha apime kwa saa muda anaotumia kupita alama mbili za ufukweni ambazo umbali wake anaujua, akapata noti 1, tofauti ile ya 2 si kosa la kipimo chochote. Ndiyo nguvu ya mkondo wenyewe, ambayo kijiti peke yake kisingeigundua wala GPS peke yake isingemwambia.