Ulizeni Maji Kwanza

Wanangu, haya nimeyasema hata sauti imekauka, na leo nayarudia kwa kuwa kazi yenu naipenda. Mnaniletea mchoro wa daraja na mto wenyewe hamjauona. Mnataka niwaambie kipi bora, tao au boriti. Kaeni kitako tuwatazame Wachina wa kale.

Kule Hebei, Li Chun alijenga daraja la Zhaozhou, nalo lilikamilika mnamo mwaka 605. Mto ule hufurika, na juu yake mikokoteni ilitaka kupita. Tao la nusu duara lenye upana wa mita 37 lingeinuka zaidi ya mita 18, mkokoteni ungepandaje? Akalilaza, likainuka mita 7 tu. Kisha mabegani mwake akaacha matao madogo manne, mawili kila upande. Uzito ukapungua, na mafuriko yakapata pa kupenya. Tena lile tao kubwa kwa hakika ni matao 28 membamba yaliyosimama ubavu kwa ubavu, ili moja likiharibika litengenezwe na mengine yakae. Fundi huyu alimfikiria hata fundi atakayekuja baada yake. Nanyi je, mnamfikiria?

Kule Suzhou hitaji lilikuwa kupitisha vyombo vya mfereji. Daraja la Baodai lina matao 53, nayo matatu ya kati yameinuliwa ili mashua zipite.

Sasa njooni Quanzhou, ambako mto unakutana na bahari, maji yanajaa na kupwa. Hapo hawakujenga tao. Kati ya 1053 na 1059, kazi ikimalizika Cai Xiang akiwa mtawala wa mji, walimwaga mawe chini ya maji toka ukingo hadi ukingo, yakawa msingi mmoja mpana. Juu yake wakasimamisha nguzo zilizochongoka kama omo la jahazi, wakalaza boriti za itale. Mawe yale ya chini nani angeyashika? Wakapanda chaza, nao wakakua na kuyagandisha pamoja. Baadaye ikatolewa amri kuwa atakayewachuma aadhibiwe.

Basi rudini mtoni. Waulizeni wavuvi na akina mama wanaofua pale maji yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa, mtie alama kwenye mti, mpime. Mchoro nitautazama mkirudi.