Mushirika Aliyekunywa, Akagonga, Akafungwa: Kanisa Lisimame Wapi?



Swali moja linarudi kwetu kila mwaka, zaidi wakati wa sikukuu. Mushirika ametoka kwenye matanga usiku, amekunywa, ameshika volani, amegonga mutu. Polisi wamemufunga. Jamaa yake wanakuja kwa muchungaji na machozi: Baba, mutusaidie. Washirika wengine wanasema: Mumuache huko, kanisa lilimukataza pombe, na yeye alisikia kwa masikio yake. Na mara ingine mambo ni magumu kupita hapo, juu mutoto aliyegongwa ni wa nyumba ya mushirika mwenzake. Siku ya Mungu mama ya mutoto na mama ya shofere wanaingia kanisani kwa mulango mumoja. Sisi wahubiri tutasema nini mbele ya hao wawili?

Tufungue Kutoka sura ya 21. Ng'ombe akiua mutu, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama watu walikwisha kumuonya kwamba ng'ombe wake ana desturi ya kupiga kwa pembe, naye hakumufunga, hukumu inamuangukia yeye mwenyewe. Sasa mutu anayejua pombe inamufanya nini, naye anakwenda kunywa na ufunguo wa motokari mufukoni, amemufungulia ng'ombe huyo. Tusimuambie kwamba ilikuwa bahati mbaya tu. Iwe bia ya chupa ao lutuku, ni moja. Manseba na pikipiki yake, vilevile: yeye anabeba uzima wa mutu mwingine mugongoni.

Sheria ya inchi yetu inasema karibu namna ile. Sheria ya barabara, namba 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978, inakataza kuendesha katika ulevi, inakataza tena kukimbia kisha kugonga. Kitabu cha malipizi cha mwaka 1940 kinasema aliyeua bila kusudi, kwa kukosa uangalifu, anaweza kufungwa toka miezi 3 mpaka miaka 2. Aliyeumiza mutu, toka siku 8 mpaka mwaka 1, pamoja na amandi. Kusema "nilikuwa nimelewa, sikujua" hakumutoi mutu ndani ya kosa. Kunamuingiza zaidi.

Basi, wale wanaosema tumuache wamesema kweli? Hapana, wapendwa. Mungu yule aliyetoa sheria ya ng'ombe alitoa pia miji sita ya makimbilio. Katika Kumbukumbu la Torati 19 tunasoma habari ya mutu aliyekwenda kukata miti, shoka likatoka katika mupini na kuua mwenzake. Alikimbilia mujini ili wenye hasira wasimuue. Lakini Hesabu 35 inaonyesha kwamba alipaswa kusimama mbele ya mukutano na kuhukumiwa. Mujimbio ule haukuwa wa kuficha hukumu, ulikuwa wa kuilinda. Tena sura ileile inakataza kupokea malipo ili aliyekimbilia huko aachwe arudi kwake mbele ya wakati. Kwa hiyo wanaotuomba tuongee na mukubwa fulani ili faili ipotee, jibu lao liliandikwa zamani sana.

Kwa hiyo shofere asikimbie kwenda kwake na kuosha motokari. Asaidie aliyeumia. Kama watu wanakusanyika na mawe na petroli, aende palepale kwa kituo cha polisi cha karibu na kujionyesha. Kule ni kukimbilia sheria.

Akiisha kufungwa, kanisa limusaidie kwa njia ya haki. Katiba ya 18 mwezi wa pili 2006, katika kipengele cha 18, inasema mutu aliyekamatwa aambiwe upesi sababu, na kwa luga anayoisikia. Ana haki ya kujulisha jamaa ao avoka wake palepale. Polisi hawawezi kumushika kupita saa 48. Kisha hapo, wamuachilie ao wamupeleke mbele ya wakubwa wa haki. Kipengele cha 17 kinasema mutu yeyote anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho, na kwamba hakuna mutu anayefungwa kwa kosa la mwingine. Tunasimama hapo kidogo, juu tumesikia habari za ndugu ao bibi aliyewekwa kasho kwa sababu mwenye kosa hakuonekana. Hiyo hairuhusiwi hata kidogo.

Kisha kuna karatasi ya maneno yake, ile wanaita PV. Asome mbele ya kutia sahihi. Kama hajui Kifaransa, aombe wamufasirie neno kwa neno. Asiseme uongo kwamba hakunywa. Lakini asikubali pia maneno ambayo hakusema. Anaweza kungojea avoka, juu kipengele cha 19 kinampa mutetezi hata mbele ya polisi. Wasio na pesa wanaweza kuomba musaada kwa ofisi ya mashauri ya bure ya chama cha maavoka. Kwa makosa madogo OPJ anaweza kutoza amandi ya kumaliza neno, kama parke haitaki kuendelea. Sawa, lakini pesa ya amandi inapata kitansi cha serkali. Pesa isiyo na kitansi tunaijua jina lake.

Parke ikimushika, inapaswa kumufikisha mbele ya juji katika siku 5. Juji anaweza kumuweka gerezani siku 15, kisha mwezi kwa mwezi, ao kumupa uhuru wa kungojea hukumu inje, na pesa ya dhamana. Kisha hukumu, kama hakubali, ana siku 10 za kuomba apele. Jamaa wengi wanapoteza siku hizo katika kulia.

Wengine wanasema avoka ni mambo ya dunia, tuombe tu. Paulo na Sila waliomba na kuimba usiku katika gereza la Filipi, na asubuhi Paulo akadai haki yake. Walipomufunga kamba kule Yerusalemu ili wamupige, aliuliza kama sheria inawaruhusu. Mbele ya Festo akaomba apele kwa Kaisari. Na sisi watu wa Congo tusisahau: Papa Simon Kimbangu alihukumiwa kufa kule Thysville tarehe 3 mwezi wa kumi 1921, mbele ya baraza la waaskari, bila mutetezi. Hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, na akafa gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Hatumulinganishi na mulevi, hata kidogo. Lakini nani kati yetu atasema hukumu bila mutetezi ni kitu chema, hata kwa mwenye kosa?

Na mama ya mutoto? Yeye tunamusahau haraka, juu hayuko katika kasho. Yeye pia anaweza kusimama mbele ya tribinali ya amani katika kesi ileile na kuomba malipo ya hasara. Yeye pia anaweza kuomba avoka wa bure. Asiransi ya motokari ni lazima katika inchi yetu, basi karatasi zake zitafutwe mapema, kabla hazijapotea. Asilazimishwe na wazee kusamehe mbele ya watu ili shofere atoke upesi. Kusamehe kwake kutakuja siku yake, kati yake na Mungu. Wazee wa paroisi wasitume ujumbe kwake juu ya neno hilo. Na kikundi cha wamama kinachopeleka chakula Kasapa, kipitie kwanza hospitali.