Gari Lilikuwa Likienda Moja kwa Moja

Somo la juma: Amosi 7:7–9

Wapendwa, tafakari ya juma hili sikuiandaa mezani. Niliiandaa nikiwa nimechuchumaa kwenye vumbi la gereji moja hapa Iringa, kiganja changu kikipapasa tairi.

Gari la usharika mnalijua. Ni Land Rover 110 ya zamani, iliyokwisha kubeba mabati, majeneza, wanakwaya na, siku moja isiyosahaulika, nguruwe wawili wa mnada wa mavuno. Kwa mwaka mmoja na nusu gari hili lilikuwa likila matairi ya mbele. Upande wa nje kashata zimesimama kama za dukani, upande wa ndani kipara kitupu. Ukisimama mbele yake huoni kitu, mpaka uiname uchungulie uvunguni.

Tulihangaika. Tuliongeza upepo, tukapunguza upepo. Tulifungua matairi kwenye rimu tukayageuza, wa ndani ukawa wa nje, tukapata miezi michache ya amani. Tulinunua mapya mara mbili. Na kila mara wazee wa kanisa walipoiona risiti, macho yao yalimgeukia dereva. Ikasemwa kwamba kijana anakata kona kama yuko kwenye mashindano. Mwishowe posho yake ikapunguzwa kwa nusu, miezi mitatu. Kikao kile nilikiongoza mimi, na nilikifunga kwa sala.

Alaimenti hatukuifikiria, kwa sababu moja tu: gari lilikuwa halivuti upande. Kwenye lami tambarare ungeweza kulegeza mikono na lingekwenda moja kwa moja. Tukajiambia kwamba gari linalonyoosha njia halina ugonjwa mbele.

Fundi tuliyempelekea safari hii ni mzee wa maneno machache. "Kamwene, Baba Mchungaji," akasema, kisha hakuniangalia tena. Alipitisha kiganja juu ya tairi toka ndani kwenda nje, kikateleza. Akakirudisha toka nje kwenda ndani, kikakwaruza kama kimepita kwenye meno ya msumeno. Akanishika mkono nami nikapapasa. "Tairi hili haliviringiki tu," akasema, "linaburutwa."

Alipandisha jeki, akalitikisa gurudumu kwa kushika juu na chini asikie kama beringi imelegea, kisha kushoto na kulia asikie vichwa vya tairodi. Hili, akanieleza, ndilo linalotangulia. Ukipima gari lenye viungo vilivyolegea unapima upepo, kesho vipimo vimehama. Viungo vyetu vilikuwa vizima. Akashusha gari, akanyoosha usukani, akachora alama ya chaki katikati ya kila tairi, kwa mbele, sawa na kimo cha ekseli. Akapima toka alama hadi alama. Tukalisukuma gari taratibu hadi alama zikafika nyuma, kimo kilekile, akapima tena. Mbele palikuwa papana kuliko nyuma kwa milimita 8. Magurudumu yetu yalikuwa yakitembea kama miguu ya bata.

Milimita 8 ni kama unene wa penseli, nami nilikaribia kucheka. Lakini usiku nilikaa na karatasi. Tairi letu lina kipenyo cha karibu milimita 800. Gawa zile 8 kwa magurudumu mawili, kila moja linapata 4. Yaani katika kila mita ya safari, kila tairi linataka kwenda pembeni milimita 5, na halipewi ruhusa. Katika kilomita moja ni mita 5. Toka hapa Iringa hadi Dodoma kwa njia ya Mtera, kilomita kama 260, kila tairi la mbele huwa limeburutwa kando zaidi ya kilomita nzima, huku sisi ndani tukiimba pambio.

Basi mbona gari lilikuwa halivuti? Fundi alinijibu kwa kusimama mbele yangu na kuigeuza miguu yake nje. Gurudumu la kushoto linataka kwenda kushoto, la kulia linataka kulia, na kwa kuwa nguvu zao ni sawa, hakuna linaloshinda. Gari linanyooka kwa sababu ya ugomvi uliolingana. Gharama ya ugomvi huo inalipwa na mpira, huko uvunguni usikoonekana.

Tangu siku hiyo nimemsoma nabii Amosi kwa namna nyingine. Mtu wa Tekoa, mchunga mifugo na mtunza mikuyu, anatumwa Israeli ya kaskazini wakati wa Yeroboamu wa pili. Tukumbuke kwamba huo haukuwa wakati wa njaa wala wa kushindwa vitani. Mfalme ametawala miaka mingi, mipaka imepanuka, matajiri wana nyumba za majira ya baridi na nyumba za majira ya joto, na huko Betheli sadaka zinatolewa kwa ratiba. Ungelegeza mikono, taifa lingekwenda moja kwa moja. Hapo ndipo nabii anamwona Bwana amesimama karibu na ukuta, mkononi ana timazi. Uzi na kipande cha risasi, basi. Ukuta unaotazamwa kwa macho unaweza kuonekana wima miaka mingi. Uzi haupendezwi na rangi yake.

Na nani alikuwa akilika? Sura ya pili ya kitabu hicho inalitaja kosa waziwazi: maskini anauzwa kwa thamani ya jozi ya viatu. Kwetu, tairi likishakwisha kabisa hukatwa likawa katambuga. Sijui kama ni haki kumchanganya nabii na katambuga, lakini nimeshindwa kuvitenganisha.

Ninyi mnazijua nyumba za namna hii. Baba na mama wamekwisha acha kugombana. Kila mmoja anavuta kwake kwa nguvu ileile, ada inalipwa, Jumapili wanakaa benchi moja, na mtoto wa kati amenyamaza tangu mwaka jana. Nawajua wazee wawili wa kanisa (si wa mtaa wetu, msianze kuhesabu) ambao kila pendekezo la mmoja hupingwa na mwenzake, na kwa sababu wanalingana sauti, usharika wao unaonekana una utulivu mkubwa. Muulizeni mwinjilisti wao anavyolala.

Jambo lingine nililojifunza lilinishangaza. Nilidhani fundi atayaweka magurudumu sawasawa kabisa. Hapana. Land Rover ya aina hii huvutwa na magurudumu yote manne wakati wote. Injini ikivuta, yale ya mbele hujikaza kuelekea ndani. Kwa hiyo aliyeliunda aliruhusu yafunguke kidogo kwa mbele, kati ya 0 na milimita 2, ili yakiwa kazini yanyooke. Unyofu wa gari hupimwa likiwa limesimama, lakini umekusudiwa kwa ajili ya mwendo na mzigo. Nadhani ndiyo maana baadhi ya watu tunaowaona wamekaa vibaya kidogo wakati wa raha ndio wanaonyooka vizuri siku ya msiba.

Sasa nirudi uvunguni, maana nimekuwa nikikwepa huko. Kwenye gari hili fimbo ya tairodi inayounganisha magurudumu hukaa nyuma ya ekseli. Fundi alinimulikia tochi. Fimbo ilikuwa imepinda katikati. Fimbo ikipinda hufupika, na ikifupika hapo nyuma, huvuta visigino vya magurudumu ndani, vidole vikaenda nje. Inaweza kuzungushwa kwenye nyuzi zake ikarefuka, vipimo vikasoma vizuri. Au kupashwa moto na kunyooshwa. Fundi alikataa yote mawili. Chuma kilichopinda kikapashwa moto hupungua nguvu, akasema, na hii ndiyo inayoshika usukani wa watu wote waliomo. Nyingine ililetwa.

"Hii haikupinda kwa kona," akaongeza akiikung'uta kwenye jiwe. "Hii imegonga kisiki. Nani aligonga?"

Niligonga mimi. Ilikuwa masika ya mwaka juzi, usiku, natoka kumsalia mgonjwa, dereva nimempa mapumziko. Niliipisha pikipiki nikaingia majanini, pakalia kishindo chini. Nilishuka, nikamulika mbele, taa nzima, bampa zima. Asubuhi nilisimamisha gari mahali pake, na kwa kuwa lilikwenda moja kwa moja, sikusema neno. Baadaye, kwenye kikao, kishindo kile kilinijia kichwani, nikakiondoa kama mtu anavyofukuza nzi.

Pale gereji nilimjibu fundi kwa sauti ndogo. Alhamisi niliwajibu wazee kwa sauti kubwa zaidi. Posho iliyokatwa kwa miezi mitatu imerudishwa toka mfukoni mwangu, si kwenye sadaka zenu, na mhazini anayo stakabadhi. Ijumaa nilimwita dereva ofisini, nikafunga mlango, nikamwambia yote na kumwomba msamaha.

Alinisikiliza akiwa ameshika kofia yake. "Nilijua, Baba Mchungaji," akasema. "Asubuhi ile matope na majani chini ya ekseli niliyaosha mimi."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza siku zote zile. Akaitazama kofia.

"Nilikuwa nangoja useme."