Uko Upande Gani?

Muuza mitumba wa Busia akipokea simu, salamu huja baadaye. Kwanza huulizwa: "Shemeji, uko upande gani?"

Swali hilo lina kazi yake. Busia ni miji miwili iliyoshonana, mmoja wa Kenya na mwingine wa Uganda, na aliyesema yuko Busia bado hajasema chochote. Bei ya sukari inangoja jibu, na kibanda cha wakala wa pesa vilevile, kiwe cha kijani au cha njano. Hata utajiri wa mtu unangoja. Miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 28 za Uganda, kwa hiyo mwenye elfu arobaini mfukoni huvuka akawa milionea, akafanya manunuzi yake, na kabla ya magharibi amerudi kuwa mtu wa kawaida.

Aristotle, katika kitabu chake cha Fizikia, alieleza kwamba mahali pa kitu ni mpaka wa ndani wa kile kinachokizunguka. Mahali pa maji, basi, ni pale yanapogusana na mtungi. Ni maelezo safi, lakini Busia yanapata taabu, maana hapa mpaka haukuuzunguka mji. Umepita katikati yake. Tena ni mpaka uliowahi kuhamishwa na watu wakaachwa walipo: mwaka 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliofika hadi pande za Naivasha, wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wa nchi mbili bila kufunga mzigo wowote. Hadi leo shangazi yuko Uganda na mpwa wake Kenya, na mwaliko wa mahari hauulizi pasipoti.

Umbali nao uliwahi kuwa na riziki yake. Kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda palikuwa na mwendo wa kuchosha kwa mwenye mzigo, na katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waligundua kwamba uchovu huo unalipa. Walibeba watu na magunia toka boda hadi boda, na hivyo ikazaliwa kazi ya bodaboda ambayo sasa, kwa pikipiki, imejaa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Kwenye baiskeli abiria na mwendeshaji walizungumza, kwa sababu kasi iliwaruhusu; mlima ukizidi, abiria alishuka wakatembea pamoja. Pikipiki imeleta faida kubwa, na mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku hatamani baiskeli. Ila mazungumzo yale yamekwisha. Leo dereva amebana simu ndani ya helmeti, anaongea safari nzima, na anayeongea naye si abiria wake.

Kisha sheria nazo zikaja kuufanya mpaka kuwa mwembamba. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda ziliruhusu raia wao wasafiri kwa kitambulisho cha taifa tu, na mwaka huohuo gharama za kupigiana simu kati ya nchi hizo zikapunguzwa. Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja na msafiri hupanga foleni upande mmoja tu. Mtu angetarajia watu wapunguze kuulizana walipo. Wamezidisha.

Na jibu linalotolewa zaidi ni "niko njiani". Anayelitoa huenda hajatoka bafuni. Ni rahisi kumwita mwongo, lakini anastahili kutetewa: anachoeleza si mahali pa mwili wake bali anakoelekea. Ameshakukusudia. Kwa watu ambao babu zao walibadilishiwa nchi wakiwa wamelala, kujitambulisha kwa wale unaowaendea kuna maana zaidi kuliko kujitambulisha kwa ardhi uliyoikanyaga. Hapo Aristotle angeweza kujifunza jambo kwa mwendesha boda.

Utetezi huo unafika mwisho matangani. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na MTN ikafuata na huduma yake ya pesa kwa simu Uganda mwaka 2009, mchango wa mazishi ulipata miguu myepesi kuliko mchangaji. Leo msiba ukitokea Tororo, upande wa Uganda, kundi la WhatsApp linaundwa kabla hema halijasimamishwa, na deni la mochari linaweza kulipwa siku hiyohiyo na watu walioko Nairobi na Mombasa. Huo ni msaada wa kweli, wala asiudharau yeyote aliyewahi kuzuiliwa mwili wa mpendwa wake kwa sababu ya bili. Lakini majina kwenye orodha ya michango huongezeka na viti chini ya hema hubaki vitupu, na wengi wa waliochanga waliandika kwamba wako njiani.

Mwaka 2020 kulikuwa na sababu. Korona ilifunga mpaka kwa abiria, Kenya ikawekea mazishi kikomo cha watu 15, na ndugu wa upande wa pili wakamzika mzee wao kwa kutazama kioo cha simu. Mpaka ulipofunguliwa, wapo waliofunga safari miezi mingi baadaye, wakaenda kukaa na mjane ambaye tayari alishapokea pesa zao. Hawakuona kwamba deni lilikuwa limelipwa.

Walikuwa sahihi. Kusudio hutumwa kwa simu, na pesa pia. Kulala kwenye mkeka wa wafiwa hakutumwi. Kwa hiyo wasimamizi wa makundi ya WhatsApp ya misiba wangefanya vyema, chini ya orodha ya michango, kuweka orodha ya pili ya wanaokuja na watakaolala, mapema, ili wapishi wajue ni masufuria mangapi ya ugali yatakayohitajika.