Gare isiyoonekana: je, tulinde nyumba za mkoloni?

Siku moja niliwaambia wanafunzi wangu kwamba gari la moshi lilikuwa linapita hapa kwetu. Walicheka. Nikawaeleza: katika miaka ya 1930 reli iliunganisha bandari ya Kalundu na Kamanyola, kama kilometa 90 katika bonde la Ruzizi, na mwaka wa 1958 ikafungwa. Mmoja akauliza: “Mwalimu, sasa gare iko wapi?” Nilikosa cha kumuonyesha.

Ng’ambo ya ziwa, Kigoma, reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka wa 1914, na stesheni ile (wao hawasemi gare) tuliikuta imesimama sisi tuliokimbilia huko wakati wa vita ya 1996. Mtoto wa Kigoma hana haja ya kubishana na mwalimu wake.

Lakini mwanafunzi mwingine, msichana mkali huyo, alisema: “Hao watu walitumikisha babu zetu kwa fimbo, njo tuwatunzie nyumba yao?” Swali hilo lilininyima usingizi. Kazi ya shuruti ilikuwa jambo la kawaida katika Kongo ya Mbelgiji, hatuwezi kulifunika. Tena, mji ambao mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulibomoa nyumba za watu, una haki gani ya kutafuta saruji kwa ajili ya ukuta wa zamani?

Juu ya saruji nakubali: watu walio hai kwanza. Juu ya kubomoa na kusahau, hapana. Mbelgiji alileta ramani; mawe yalibebwa na watu weusi, na majina yao ni nani aliyeyaandika? Nyumba ikianguka, mkoloni hapotezi kitu, yeye ana vitabu vyake. Anayepotea ni mbeba mawe. Sheria yetu ya 15 Machi 1971 juu ya mali za utamaduni ipo, sawa, lakini kibao kitakachotaja gavana na kampuni tu kitakuwa tusi la pili.

Mwishowe tulikwenda Kalundu. Mzee mmoja alinyoosha mkongojo wake: “Reli ilipita hapa, ikakata pale.” Yule msichana mkali ndiye aliyetoa daftari. Akamuuliza: “Mzee, na baba yako, yeye alifanya kazi gani humo?”